Mchangiaji Mmoja wa O Hasi

Hospitalini walimwita Mtaalamu, kwa kuwa ndiye aliyeandika programu ya wachangiaji damu iliyoanza kutumika Jumatatu. Jina hilo, tusifichane, alilipenda.

Jumatano shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa wodini akisubiri upasuaji wa kesho yake. Damu yake ni O hasi, na jokofu la damu halikuwa na hata chupa moja ya kundi hilo. Muuguzi mkuu alitazama skrini: wachangiaji wa O hasi, 1. Akaenda kumtoa shangazi wasiwasi.

"Mungu ampe maisha marefu huyo mtu," shangazi alisema, "hata simjui."

Muuguzi aliporudi kutafuta namba ya simu ya huyo mtu, orodha ilifunguka tupu. Akajaribu A chanya: 1. B hasi: 1. Akamwita Mtaalamu.

"Mwanangu, kila kundi mtu mmoja? Umewapangia zamu?"

Mtaalamu aliisoma upya programu yake. Iliiuliza hifadhidata, daftari la kompyuta lenye majina yote, wachangiaji ni wangapi, nayo iliijibu vizuri tu, kwa mstari mmoja wenye namba ndani yake. Badala ya kuisoma ile namba, programu ilihesabu mistari. Ni sawa na kumtuma mtu akaulize wageni wako wangapi, kisha akirudi unamhesabu yeye.

Akarekebisha. A chanya, 112. B hasi, 9. O hasi, 0.

"Itabidi tuahirishe upasuaji," muuguzi alisema kwa upole, "na daktari alisema shangazi yako hawezi kungoja." Akatoka kwenda kupiga simu hospitali nyingine.

Mtaalamu alibaki akiikodolea macho ile sifuri. Kundi lake la damu alilijua tangu shuleni. Alikuwa ameandikisha majina ya watu mia tatu kwa mikono yake, na lake kila siku alilisogeza kesho, kwa sababu mtu mzima huyu, mwenye kitambulisho na funguo za ofisi, anaogopa sindano. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akaandika jina lake.

Muuguzi alirudi mikono mitupu, akachungulia skrini.

"O hasi inasema moja tena. Si ulisema umerekebisha?"

"Nimerekebisha," Mtaalamu alijibu, akikunja mkono wa shati, macho ameshayafumba.