Mara Kumi na Moja

Asikudanganye mtu, hakuna kitu kichafu kama simu ya binadamu aliyeoga. Kufuli alikuwa fundi simu kwa miaka sita na angekula kiapo juu ya hilo. Wateja walimjia wamejipulizia manukato, mashati yamenyooshwa, kisha wakamkabidhi simu ambayo tundu lake la sauti limezibwa na nta ya masikio, ngumu, ya rangi ya kahawia, na pembeni mwa kioo mmejaa poda, jasho na uji wa mtoto. "Haisikiki vizuri," walisema, kana kwamba simu ndiyo yenye makosa. Naye akachukua mswaki mkuukuu na spiriti, akakwangua. Nta ikatoka vipande vipande, ikadondokea kwenye gazeti. Miaka sita, na bado hakuwa amezoea.

Jina la Kufuli binti huyu alipewa na familia kwa sababu ya kiherehere chake cha kufunga kila kitu kwa neno la siri. Alifunga simu ya dada yake, akafunga kompyuta ya shemeji, akafunga hata runinga ya shangazi, ikabidi mtu mzima wa watu aombe namba ndipo atazame taarifa ya habari. Alikuwa amesomea usalama wa mtandao, akapata cheti, na cheti kikalala kwenye bahasha mwaka mzima. Sasa shirika moja la bima lilikuwa limemwita kwenye usaili, Jumatatu, saa nne asubuhi. Nafasi ilikuwa moja tu. Ofisi ipo ghorofa ya tano, ina kiyoyozi, na huko hakuna mtu anayemkwangulia mwenzake masikio. Aliitaka kazi ile mpaka chakula kikawa hakipiti kooni.

Barua ya wito ilikuwa na kazi ya nyumbani. Kila mwombaji aandae ujumbe wa mtego, wa aina ile wanayotuma matapeli ili mtu abonyeze linki, aujaribu kwa watu wachache waliokubali kujaribiwa, kisha aje na idadi ya waliobonyeza. Shirika lilitaka kuwapima wafanyakazi wake kabla matapeli hawajawapima.

Aliyejitolea kumwandaa alikuwa shemeji, mume wa dada yake, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo katika shirika hilo hilo. Jumamosi saa sita na nusu alifika nyumbani kwa Kufuli na kuku wa kukaanga ndani ya mfuko wa karatasi, akakaa mbele ya kompyuta bila kuambiwa karibu. Alikula huku akibonyeza, na mafuta yakabaki kwenye herufi. Alipomaliza paja la kwanza alivua kitambulisho chake cha kazi shingoni, akachokonoa meno kwa ncha yake, akakitazama kilichotoka, kisha akakirudisha mdomoni. Kufuli aligeuza uso ukutani. Ungedhani mtu mwenye kuaminiwa siri za watu elfu mbili angekabidhiwa kwanza kijiti cha meno.

"Haya, twende," shemeji alisema. "Kiungo dhaifu kabisa katika usalama ni kipi?"

"Binadamu."

"Usiseme kama unaomba maji. Jiamini. Na utabasamu. Wakubwa wanapenda mtu anayetabasamu akisema hivyo."

"Binadamu ndiye kiungo dhaifu," Kufuli alisema, akatabasamu.

"Hapo sawa. Sasa lete mtego wako."

Mtego wake ulikuwa umeshatumwa tangu asubuhi, kwa laini ngeni ya dukani, kwa ndugu watano ambao hakuwa amewaambia lolote. Uliwaahidi muda wa maongezi wa bure. Kompyuta ilikuwa inahesabu, na idadi ya waliobonyeza ilikuwa sifuri. Dada alikuwa amejibu kwa matusi mepesi. Shangazi, dada yake marehemu baba, ndiye aliyemlea Kufuli tangu akiwa na miaka minne, na yeye alikuwa ameuchukua ujumbe mzima akamrushia Kufuli mwenyewe, na chini yake ameandika: "Wezi wale tena. Sijabonyeza mwanangu. Ulisema nibonyeze kinachotoka kwako tu."

Kufuli aliusoma kwa sauti, kifua mbele.

"Unacheka nini?" shemeji alimkata. "Utawapelekea sifuri? Wenzako watakwenda na sita, na nane."

"Maana yake nimewafundisha vizuri."

"Hatuajiri mwalimu, shemeji, tunaajiri mtu anayejua kutega." Alijilamba kidole gumba. "Achana na wanachokipenda. Mtu hukimbilia kubonyeza anachokiogopa. Nani kati ya hao watano ana hofu sasa hivi?"

Wote wawili walikuwa wanajua. Wiki tatu nyuma shangazi alikuwa amekatwa uvimbe kwenye titi, na kipande kikapelekwa maabara. Majibu yalikuwa bado. Kwenye fomu ya hospitali, mahali pa namba ya simu, shangazi alikuwa ameandikisha ya Kufuli, akasema yeye ndiye mtu wa simu katika ukoo huu.

"Hapana," Kufuli alisema.

"Dakika tano tu. Anabonyeza, unampigia, mnacheka."

"Barua inasema watu waliokubali."

"Ukimwambia kabla, atakuwa anaigiza. Idadi ya kuigiza haina maana." Na vidole vyake vya mafuta vikaanza kuandika: Mpendwa mgonjwa, tunapenda kukujulisha...

Kufuli alimnyang'anya kompyuta. Akachukua kitambaa na spiriti, akafuta herufi moja moja kwa kinyaa, na mtu aliyemjua angetegemea kwamba akimaliza kufuta vidole vya mtu atafuta na maneno yake. Hakuyafuta. Aliyasahihisha. Hakuna anayemwita shangazi mpendwa mgonjwa, hilo hata mtoto angelishtukia. Akaandika upya: "Shangazi, majibu ya maabara yametoka, wamenitumia mimi. Ni ya kweli, fungua haraka." Akaweka linki chini yake, na badala ya laini ya dukani akatumia namba yake mwenyewe. Alipotuma alisikia raha ile ile anayoisikia simu iliyokufa inapowaka mkononi mwake. Raha hiyo ndiyo iliyomtia kichefuchefu baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Haikuchukua hata dakika moja, idadi ikawa moja. Ikawa mbili. Shemeji akaacha kutafuna. Tatu, nne, tano. Ilipofika kumi na moja alipiga makofi, vipande vya kuku vikamruka mdomoni.

"Kumi na moja! Kausambaza ukoo mzima! Shemeji, kazi unayo!"

Kufuli alifungua kumbukumbu za mtego. Hakukuwa na ukoo wowote. Ilikuwa simu moja tu, ile ile, aina ya zamani ambayo yeye mwenyewe aliibadilisha kioo mwezi uliopita. Saa saba na dakika nne. Saa saba na dakika nne tena. Na dakika tano, na dakika sita, na dakika tisa. Ukurasa aliouweka nyuma ya linki haukuwa na kitu, ulikuwa mweupe tu, na shangazi alikuwa ameufungua mara kumi na moja.

"Ni mtu mmoja," alisema.

"Kumi na moja ni kumi na moja," shemeji alijibu, akaingiza mkono kwenye mfuko kutafuta kipande kingine. "Mpigie basi, mcheke."

Kufuli hakupiga. Alivaa viatu akatoka, akamwacha na kuku wake. Kwa shangazi ni mitaa miwili tu, na njia nzima alikuwa akitafuta sentensi ya kuanzia.

Alimkuta sebuleni, karibu na dirisha, amevaa gauni lake la kwenda mbali na viatu vya kufunga. Simu alikuwa ameiinua juu akiitafutia mtandao. Mikono yake ilikuwa bado na maji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Hii simu yako inagoma, mwanangu. Nafungua, inaniletea weupe. Nikasema labda vidole vyangu vina mafuta, nikanawa. Bado. Nikanawa tena kwa sabuni." Alimnyooshea simu. Kioo kilikuwa kimefutwa hadi kinang'aa. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, Kufuli alipewa simu safi. "Fungua wewe. Nisomee. Hata kama ni mabaya nisomee hivyo hivyo, usinifiche. Nimeshavaa, wakinitaka nakwenda."

Kufuli aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Shangazi, hakuna majibu."

"Yamefutika?"

"Hayajatoka. Ujumbe ule niliutunga mimi. Ilikuwa... ni zoezi la usaili. Unatuma mtego, unaangalia watu wangapi watabonyeza."

Shangazi hakufoka. Ingekuwa heri angefoka, au angemrushia kiatu kama zamani. Alikaa kwenye kochi taratibu, akaanza kufungua viatu, na kamba ya kiatu cha kushoto ikamshinda.

"Lakini ulitoka kwako," alisema mwishowe, akiwa bado ameinama. "Nilitazama kwanza namba. Nikaona ni wewe."

"Nisamehe, shangazi."

"Na wangapi wamebonyeza?"

"Wewe tu."

"Mara ngapi?"

Kufuli alishindwa kuitamka ile namba. Shangazi alitikisa kichwa, akachukua simu yake, akaizima, akaiweka kifudifudi juu ya meza. "Basi umefaulu," alisema. "Nenda kajiandae."

Jumapili nzima Kufuli hakujisikia kula. Aliosha mikono, akaosha tena, akajiona mjinga. Aliapa kwamba kesho ataingia kwenye kile chumba aseme ukweli: mtu mmoja, hakuulizwa, mtego haufai. Alilirudia hilo mbele ya kioo kama alivyorudia habari ya kiungo dhaifu, na alipojiangalia alikuta anatabasamu.

Jumatatu walimpa kitambulisho cha mgeni, akazima simu, akaingia. Meza ilikuwa ndefu na safi kiasi cha kuona uso wako ndani yake. Walikuwa watatu, na aliyeongoza alikuwa mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Waliuliza habari ya maneno ya siri, akajibu. Waliuliza angefanya nini kompyuta za shirika zikivamiwa, akajibu, na alijibu vizuri, kwa maana kazi aliijua. Kisha mama mwenye miwani akafungua faili.

"Na mtego wako? Wamebonyeza wangapi?"

Ukweli ulikuwa umeshapanda mpaka kwenye meno. Lakini kiyoyozi kilikuwa kinavuma, na kiti kilikuwa laini, na dukani kulikuwa na simu saba zinamsubiri na nta ya masikio ya watu.

"Kumi na moja," alisema.

"Kumi na moja!" Wakubwa wakatazamana. "Waliokuja kabla yako, aliyewazidi wote ana wanne. Ulisemaje huo ujumbe?"

Akawasomea. Mama mwenye miwani alivua miwani yake akaifuta.

"Mimi ningebonyeza," alisema. "Nina mama yangu mgonjwa, ningebonyeza mbio. Huu ni ukatili, lakini ni ustadi. Nadhani tutautumia hapa. Na hao watu walikubali kujaribiwa, sivyo?"

"Ndiyo," Kufuli alisema, na tabasamu likaja lenyewe.

Walimpa mkono wote watatu. Mkono wa yule wa pembeni ulikuwa na unyevu, na Kufuli alipojifuta kwa siri kwenye sketi alishindwa kujua unyevu ule ulikuwa wa nani. Tarehe moja aje kuanza, walisema, barua itafuata.

Kwenye ukumbi wa lifti akawasha simu. Shemeji alikuwa ameandika mara tatu akiuliza. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa hospitali, wa kweli, wenye namba ya kadi ya shangazi: majibu ya maabara yapo tayari, fungua hapa. Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya linki alipokiondoa. Majibu hayakuwa yake. Akamrushia shangazi, kama lilivyokuwa jukumu lake tangu mwanzo.

Alama zilionyesha umesomwa. Akasubiri. Lifti ikaja, ikajifungua, ikaondoka. Alijikuta anachokonoa kucha kwa ncha ya kitambulisho cha mgeni, akakiachia kikaning'inia shingoni.

Jibu likaingia: "Huu nao ni wa usaili?"

Akaandika upesi, vidole vikikosea: "Hapana shangazi. Ni ya kweli, fungua haraka." Kabla ya kutuma akayaona. Yalikuwa maneno yale yale ya Jumamosi. Akafuta. Akaandika kwamba anaapa. Akafuta, kwa sababu mtegaji mzuri huapa. Akaandika kwamba hatarudia tena, na kwamba aangalie namba ya kadi yake. Huo ulikuwa mzuri zaidi ya wote, ungemnasa mtu yeyote, na huo pia akaufuta.

Akapiga. Simu iliita mara moja ikakatwa. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

Alishuka kwa ngazi ghorofa zote tano, akashika njia ya hospitali kwenda kuomba karatasi yenye muhuri, kitu cha kushika mkononi, ambacho mtu anaweza kuamini bila kumtazama aliyekileta. Njiani aliitazama simu kila baada ya hatua chache. Linki ile ilikuwa ya kweli, na shangazi hakuibonyeza hata mara moja.