Mstari wa Tope

Kabla wenye maduka ya Mtaa wa Narung'ombe hawajamaliza kutundika mapazia yao nje, Husna alikuwa ameshapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, amevua viatu mlangoni kwa sababu ya vumbi, amevaa sweta juu ya baibui, anazisikiliza mashine. Chumba kilikuwa baridi kama jokofu la bucha. Mashine zilipangwa kwenye makabati marefu meusi, zimeungwa kwa nyaya zipate kufikiri kwa pamoja, na mtu aliyezizoea aliweza kujua kwa mlio tu kama zina nafasi au zimeelemewa.

Kazi ya Husna ilikuwa kupanga foleni. Watu walileta hesabu ambazo kompyuta ya kawaida ingezihangaikia mwaka mzima, naye akasema nani atangulie na nani asubiri. Mzigo ukizidi, alikodi nguvu za wingu, yaani kompyuta za makampuni ya mbali zilizosaidia kubeba kupitia mtandao. Hakuna aliyewahi kuziona. Lakini hata wingu lilikuwa na mwisho wake. Mkataba wa ofisi uliruhusu mteja mmoja mkubwa kwa wakati mmoja, na aliyeshika swichi ni Husna. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, hakosi swala, hasemi ovyo. Bosi wake, Polycarp, alipenda kuwaambia wageni kwamba wingu liko kwenye mikono salama.

Mmoja wa wateja alikuwa mradi wa mafuriko. Hesabu yao ilichukua mvua inayokuja, ikachukua mto na mitaro na kila nyumba ya bonde la Jangwani, ikatafuta maji yatafika wapi. Ilianza adhuhuri na kuisha baada ya isha. Ikishakwisha, mstari wa tope hutokea kwenye kuta za nyumba za bondeni, usawa uleule ambao maji yatafika kesho yake.

Mwanzoni wenye nyumba walilalamika kuhusu rangi zao. Baadaye wakazoea. Mpangaji mpya alikuwa akiuliza choo kiko wapi, umeme wanagawanaje, na mstari huwa unafika wapi. Mstari ukitoka, watu walipandisha magodoro na magunia ya mchele juu yake, wakaendelea na mambo yao.

Leticia, au Mama Bryson, aliyeuza chapati na chai kwenye ngazi za jengo lile, alikuwa anaishi bondeni. Alimtunza mama mkwe wake, Bibi Scholastika, aliyekuwa amepooza kwa miaka kadhaa. Kila mstari ulipotoka, Leticia aliinua kitanda cha bibi kwa matofali kulingana na mstari, na bibi alikaa juu kama malkia, akilalamika kwamba sasa haioni televisheni vizuri.

Jumamosi moja ya masika, ikiwa ni siku ya mechi ya watani wa jadi wa soka, Polycarp alipiga simu alasiri.

"Dada Husna, watoe watu wa mafuriko kwenye wingu. Mteja wa mikeka ya kubeti anazidiwa. Nchi nzima inabashiri."

"Hesabu yao haijaisha, bosi. Imefika nusu."

"Si utairudisha baadaye? Maji hayaendi popote."

Husna akaikatisha. Ilikuwepo kanuni, na kanuni hiyo alikuwa ameiandika yeye mwenyewe kwa kalamu nene na kuibandika ukutani: hesabu ikikatishwa, ifutwe papo hapo. Hesabu nusu ni mbaya kuliko kukosa hesabu. Kufuta ni jambo la dakika chache, lakini adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa msikiti wa jirani, naye hakutaka swala ya jamaa impite. Alisema atafuta akirudi. Baada ya swala alipita duka la chini kuangalia mapazia ya kijani aliyokuwa akiyatamani tangu Ramadhani. Aliyashika, akauliza urefu, akaondoka bila kununua. Alipopanda juu, mteja wa mikeka alikuwa anataka nguvu zaidi, na ile hesabu nusu ikamtoka akilini.

Jioni ile bondeni mstari ulitoka. Ulitoka usawa wa goti.

Leticia akaweka matofali mawili mawili chini ya miguu ya kitanda, akampa bibi uji, akawapeleka watoto kwa dada yake Ilala. Alipotaka kurudi asubuhi, barabara ilikuwa imeshafungwa na maji. Maji yalipopungua, ukuta wa chumba cha Bibi Scholastika ulikuwa na mistari miwili, mmoja wa gotini na mmoja wa shingoni.

Siku ya tatu baada ya mazishi Leticia alirudi ngazini na chapati zake. Husna alishuka kumpa pole.

"Ningeweka matatu," Leticia alisema, akimfungia chapati kwenye gazeti. "Dada Husna, matofali yalikuwepo. Yamejaa pale nyuma. Mimi nikaona uvivu, nikasema mstari uko gotini, ya nini kujichosha?"

"Mungu amrehemu bibi."

"Ningeweka hata matatu tu."

Husna akala ile chapati. Ilishuka kama pamba.

Siku hiyohiyo, akitawadha kwa swala ya adhuhuri, aliona mstari wa tope umezunguka mguu wake chini ya goti. Miguu yote miwili, usawa mmoja. Akausugua kwa sabuni ya mche, kwa jiwe la kusugulia visigino, kwa dawa ya madoa. Siku ya pili mstari ulikuwa umepanda kidogo. Alishuka Kariakoo akamwonyesha muuza sabuni wa Mtaa wa Sikukuu, mtu mwenye dawa ya kila uchafu. Muuza sabuni aliinama, akautazama, akautia ukucha.

"Mama, hili tope la Jangwani," alisema. "Nikikuuzia kitu hapa nitakuwa nakuibia. Hili linaendelea na safari yake."

Husna akaelewa. Hesabu aliyoikatisha ilikuwa inajimalizia yenyewe, taratibu, bila mashine wala wingu. Ikapita mapajani, ikapita kiunoni. Aliogopa swala zake zisije zikawa hazisihi, akaenda kwa Shehe Abdulmajid, aliyekuwa amekaa barazani kwa madrasa akikagua nauli za watoto wa safari ya maulidi. Alimweleza kwa heshima, kwa mbali, bila kumwonyesha.

"Tope si najisi," shehe alisema. "Udhu wako sahihi."

"Na kama limetokana na kosa?"

"Kosa gani?"

Akamweleza yote. Shehe akavuta ndevu zake.

"Ulikatisha kwa amri ya bosi wako, kisha ukaenda kuswali. Omba msamaha, binti yangu. Mola ni mwingi wa kusamehe."

"Baada ya swala nilipita dukani, shehe. Kuangalia mapazia."

"Mapazia si haramu."

Husna alirudi nyumbani kwake Ilala amebeba msamaha ule kama nguo ya mtu mwingine, haimkai mabegani. Alikuwa ameenda ili aambiwe kitu kizito. Kila aliyemwendea alimpa kitu chepesi. Polycarp naye, alipoambiwa, alisema jambo hili lisitoke nje ya ofisi, maana watu wa mradi ni wagumu, na akamwongezea siku mbili za likizo.

Mstari ulisimama ulipofika shingoni. Haukupanda tena. Mtandio uliufunika, na mtu asingejua.

Leticia aliendelea kusema juu ya matofali. Aliyasema kwa wateja, aliyasema peke yake akikanda unga. Alipunguza kula. Alisema bibi alikuwa anamwita usingizini, anataka televisheni isogezwe. Siku moja, wateja walipoondoka, Husna alikaa ngazini pembeni ya hotipoti, akafungua mtandio wake.

Leticia aliangalia ile shingo. Hakuuliza ni nini, kwa sababu alikuwa na ukuta wenye alama ileile nyumbani. Alimsimamisha Husna, akavua kanga yake kiunoni, akapima kutoka kisigino hadi kwenye tope, akafunga fundo.

"Ndipo yalipofika," alisema.

"Hesabu ilikuwa inakuja hapa. Mimi ndiye niliyeikatisha njiani. Na sikufuta. Ule mstari wa gotini ulikuwa nusu, Mama Bryson. Ungeweka matatu, ungeweka manne, ilikuwa kazi bure."

Chini mtaani mtu wa mkokoteni alikuwa anapiga kelele apishwe. Leticia alisubiri apite.

"Hukusema."

"Sikusema."

"Mimi nakaa hapa nahesabu matofali, wewe unakula chapati zangu unanisikiliza."

"Ndiyo."

Leticia alifunika hotipoti, akaibeba, akashuka. Kesho yake alikuja kama kawaida na kumuuzia Husna chapati kama anavyomuuzia mtu yeyote. Ila aliacha kumwita dada.

Mvua za vuli zilipokaribia, Husna aligundua kwamba mstari umemshuka hadi kifundo cha mguu, na siku iliyofuata maji yalifika kifundo cha mguu bondeni. Juma lililofuata ulipanda hadi nusu ya muundi, na maji yakawa vivyo hivyo. Haukungoja foleni wala wingu. Leticia, ambaye macho yake hayakuacha tena miguu ya Husna, ndiye aliyeona wa kwanza. Alimleta jirani yake Tatu, na Tatu akawaleta wengine. Ikawa mawingu yakitanda tu, wanawake wa bondeni wanakuja Ilala na kamba za katani. Husna alisimama katikati ya chumba, akainua gauni kadiri ilivyohitajika, wakampima kutoka kisiginoni, wakafunga fundo, wakaenda kupima kuta zao.

"Simama vizuri bwana, usijikunyate," Tatu alikuwa akimwambia. "Tope lenyewe letu, wewe umeazimwa tu."

Wenzake walicheka. Husna hakucheka, lakini siku hizo alilala vizuri kidogo. Leticia alipima na kuondoka, hakukaa kunywa chai.

Masika ikarudi, na mechi ya watani ikarudi, Jumamosi vilevile. Hesabu ya mafuriko ilikuwa imefika nusu Polycarp alipopiga simu.

"Dada Husna, unajua ninachotaka kusema."

"Bosi, wingu zito. Tazama nje."

"Naliona. Lakini mteja huyu ndiye anayetulipia kodi ya jengo. Na mimi pia ninaye wa juu yangu, unanielewa? Watoe. Halafu safari hii futa, tafadhali."

Husna alitazama ile karatasi yake ukutani. Alikuwa amejiapia mara nyingi, kwenye mswala, nini atasema siku hii ikifika. Alikuwa ameyapanga maneno. Mashine zilikuwa zinalia kwa sauti ya kuelemewa, simu bado iko sikioni, na Polycarp anapumua upande wa pili akingoja. Akaikatisha hesabu. Kisha akafuta, papo hapo, na adhana ilipoanza alikuwa ameshamaliza.

Jioni kuta zote za bonde zilikuwa safi.

Wanawake walikuwa wanamngoja mlangoni kwake na kamba zao. Aliwakaribisha, akavua viatu, akasimama mahali pake. Leticia alipiga magoti akaangalia vifundo, miguu, magoti. Husna akainua gauni, akafungua vifungo, akavua mtandio. Hapakuwa na kitu. Ngozi yake ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kuoga Ijumaa, tangu unyayo hadi kwenye nywele.

"Alhamdulillahi," Tatu alisema, akaanza kukunja kamba yake. "Kuta safi, na mtu wetu safi. Hakuna maji leo. Twendeni tukapike."

Husna naye alitaka kuamini. Aligeuka atundike baibui lake kwenye msumari uliokuwa juu ya mlango, akanyoosha mkono. Mkono ulipopita juu ya kichwa, tope likajizungusha kwenye kiganja, bichi, likaanza kumchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Leticia alivuta kigoda, akapanda juu yake, akaishika kamba usawa wa tope na kuiachia ncha ishuke hadi sakafuni. Tatu akaikanyaga ncha. Fundo likafungwa.

"Mbona kwenye kuta hakuna?" Leticia aliuliza akiwa bado juu ya kigoda.

"Nimekatisha."

"Tena?"

"Tena. Ila leo nimefuta."

Leticia alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma bei na kuirudia. Akashuka.

"Shikilia mkono hapohapo," alisema. "Na wengine wapime."

Husna alishikilia. Walipanda kigoda mmoja baada ya mwingine, wakafunga mafundo yao, wakatoka mbio kuhamisha watoto, wazee na vyerehani. Alibaki peke yake na mkono juu. Simu ikaita, akaipokea kwa mkono mwingine. Polycarp alisema mteja amefurahi sana, mechi imekwenda bila kukwama hata sekunde, na kesho apumzike.

"Ahsante, bosi," Husna alisema.

Jumatatu alifika kazini mapema. Leticia alikuwa ngazini, dera lake lina tope hadi magotini, watoto wake wazima, majirani zake wazima wote. Alimfungia Husna chapati mbili kwenye gazeti bila kuulizwa. Husna akavua viatu mlangoni, akavaa sweta, akakaa kuzisikiliza mashine. Siku hiyo zilikuwa na nafasi tele. Ng'ambo ya mto, ambako kuta zilikuwa safi na hakuna aliyemjua Husna wala aliyekuwa na kamba, watu walikuwa bado wanatafutana.