Upanga wa Hanstoni

Jumapili ya mwisho ya Aprili, Emerita Dörig alikuwa ameshainjika sufuria ya soseji na anang'arisha upanga kwa jivu na siki, mumewe alipoingia na kujipangusa miguu mlangoni. Hanstoni alikuwa amekufa tangu majira ya baridi ya mwaka juzi, alipoangukiwa na msonobari aliokuwa akiukata mwenyewe. Alikuja siku hiyo tu ya mwaka, siku ya mkutano wa jimbo, wanaume wanapopiga kura uwanjani kwa kuinua mikono, na kila alipokuja aliacha udongo sakafuni.

"Nimepiga deki sasa hivi," alisema Emerita.

"Nisamehe, Mama Ottilia. Upanga uko tayari?"

"Uko. Leo mnatupigia kura sisi wanawake, tuingie au tusiingie. Utatuinulia mkono?"

"Mh! Wenzangu watanicheka."

"Wenzako wepi, wa juu ya ardhi au wa chini?"

"Wote," alisema Hanstoni, akaufunga upanga kiunoni, akatoka.

Binti yao Ottilia alikuwa anakata vitunguu. "Mama, si ungeuficha tu?"

"Aliachiwa na baba yake. Mimi si mwizi."

Kule uwanjani upanga ndio cheti. Mwanamume mwenye upanga huingia ndani ya kamba. Sheria haiulizi kingine. Mlinzi aliutazama wa Hanstoni, akampisha. Jirani yao Inauen alisogea kumpa nafasi, akamkaribisha tumbaku.

"Umepungua, bwana."

"Chakula cha kule," alijibu Hanstoni.

Emerita alisimama nje ya kamba na mkoba wake. Alikuwa amekamua ng'ombe alfajiri, kodi ya jimbo alilipa, na wabunge wa Bern, wa nchi nzima, aliwachagua bila shida. Lakini barabara inayopita mbele ya zizi lake, inayovunja ekseli za gari la maziwa kila masika, iliamuliwa na hawa waliomo ndani.

Swali likaulizwa. Mkuu wa jimbo huhesabu mikono kwa macho tu. Ya kukataa ilikuwa mingi, na wa Hanstoni ulikuwamo. Jua lilipita katikati ya kiganja chake. Wanawake wakashindwa.

"Soseji zimepoa," Emerita alimwambia aliporudisha upanga.

Kabla mwaka haujaisha, mahakama kuu ya Uswisi ilisema katiba ya nchi ni ya wote, na jimbo lisilotaka litataka. Aprili iliyofuata posta ilimletea Emerita kadi ya kura. Kwenye kamba mlinzi aliigeuza mbele na nyuma.

"Jina?"

"Albert, wewe ndiye baba wa ubatizo wa Ottilia. Juzi umekunywa kahawa yangu vikombe vitatu."

"Lazima niulize, shemeji."

Hanstoni alipita na upanga wake bila kuulizwa.

Ndani ya kamba Emerita aliona jambo ambalo kutoka nje halionekani vizuri: safu nzima ya mbele haikuwa na vivuli. Walikuwa wanaume waliokufa bila mwana wa kiume wa kurithi upanga, kama Hanstoni. Walisalimiana kwa adabu na walio hai, na kila mtu alijua nafasi yake.

Ikaja kura ya kuitengeneza barabara. Emerita aliinua mkono kukubali. Ulipoitwa upande wa kukataa, Hanstoni, aliyesimama ubavuni pake, akainua wake.

"Barabara inapita kwetu, Baba Ottilia!"

"Hii tumeikataa siku zote."

Safu ya mbele nayo iliinua mikono yote. Barabara ikakataliwa.

Emerita aligeuka. Nyuma ya kamba, mahali pake pa zamani, alisimama mama yake, aliyefariki Ottilia akiwa bado shule, na pembeni yake wanawake wengine wasio na vivuli, kila mmoja na mkoba. Upanga hawakuwahi kuwa nao, na kadi hutumwa kwa walio hai tu.

"Wamesemaje?" aliuliza mama yake.

"Wamekataa."

Mama yake aliitikia kwa kichwa, akarudi nyuma hatua moja kumpisha mlinzi aliyekuja kuikaza kamba.