Kulipa Saumu Milimani

Mzee Faki alikubali binti yake aende milimani na klabu ya shule, lakini alikubali shingo upande, baada ya Mwalimu Justus kumfuata dukani mara mbili na kunywa chai ambayo hakuitaka. Msichana wa Kiislamu kulala nje, tena kwenye kundi lenye wavulana? Mwalimu alieleza kwa upole kwamba wasichana watakuwa na hema lao, kwamba yeye mwenyewe atakuwa kambini kila jioni, na kwamba Firdaus ndiye aliyechaguliwa kuwa kiongozi. Hilo la uongozi ndilo lililomlainisha mzee. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba binti wa Faki anaongoza watu kupanda milima, utadhani amepewa jeshi.

Mama yake, Bi Habiba, hakuwa mtu wa kulainishwa kwa vyeo. Alisubiri mumewe aende msikitini, kisha akauliza bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani yake ya kushonea sare za shule. "Na Ramadhani hiyo inabisha hodi. Siku zako utazilipa lini?"

Siku hizo ni zile ambazo mwanamke hula mwezi wa Ramadhani kwa sababu hedhi imemjia, na inampasa kuzilipa kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Kila nyumba ya Kiislamu mjini Machakos inalijua jambo hilo, na hakuna anayelitaja mbele ya wanaume. Firdaus alikuwa ameziahirisha zake mwaka mzima. Leo mtihani, kesho mafua, keshokutwa harusi ya binamu, na sasa zilikuwa zimemlundikania kama nguo chafu.

"Nitazimaliza zote kabla mwezi haujaandama, wallahi," alijibu.

Mama hakusema kitu. Cherehani iliendelea kulia, na Firdaus akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo ruhusa yenyewe, tena ruhusa yenye masharti. Alipopiga hesabu kitandani akaona kwamba kiapo chake hakitatimia kamwe, isipokuwa afunge na siku za safari pia. Basi akakata shauri kufunga milimani. Hakumwambia mtu. Kumwambia nani? Ukifunga wakati si Ramadhani, lazima mtu akuulize kwa nini, na kwenye kundi lake la watu wanne kulikuwa na Levi na Kasyoki, wavulana wawili ambao kicheko chao kikianza hakina breki.

Safari yenyewe ilikuwa ya Ijumaa hadi Jumapili: kupanda vilima vya Iveti, kushuka upande wa Kathiani, kupanda tena Mua, kisha kurudi mjini. Sheria za klabu zilikuwa chache na ngumu. Kundi linafika zima au halikufika. Hakuna kuomba lifti wala chakula njiani. Walipewa simu moja ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, iliyozungushiwa utepe mwekundu, ya kupiga mambo yakiharibika, na utepe ukikatwa ndiyo mwisho, kundi limeshindwa. Waliofaulu wangepanda Mlima Kenya mwezi wa nane.

Aliyeutaka Mlima Kenya kuliko wote alikuwa Levi. Yeye alikuwa kidato cha nne, kijana mkubwa kutoka Mwala, mwenye miguu ya ng'ombe wa jembe na tumbo lisilojua kusema asante. Mwaka uliotangulia malaria ilimlaza siku ya kuondoka. Mwaka huu ndio ulikuwa wake wa mwisho shuleni, na kila mtu alilijua hilo kwa sababu alikuwa amelitangaza hata kwa wapishi. Jumamosi asubuhi, juu ya Iveti, hewa ilikuwa safi na mlima ule ukaonekana kule mbali kaskazini, mdogo, mweupe juu kidogo. Levi, ambaye hunyamaza tu akiwa amelala, alisimama pale na kikombe chake cha uji akanyamaza.

Kuficha saumu kulikuwa rahisi kuliko Firdaus alivyodhani, na ni utaratibu wa klabu uliomsaidia. Kundi hula sufuria moja, na kiongozi ndiye anayepakua na ndiye anayekula mwisho. Aliwapakulia wenzake mpaka sufuria ikabaki na chake tu, kisha akasema, "Levi, malizia hii, mimi nimeshiba harufu." Levi hakuwahi kuhitaji kuambiwa mara mbili. Magharibi ya Ijumaa alifuturu kwa githeri ya mahindi na maharagwe pamoja na wote bila mtu kushtuka, na alfajiri ya Jumamosi akala daku ya tende na biskuti ndani ya hema, Mutanu, msichana mwenzake wa pekee kundini, akikoroma pembeni yake. Ijumaa ilipita hivyo. Alijiona mjanja, na ukweli ni kwamba alijivunia. Alimwazia mama yake akisikia kwamba binti amepanda mlima na saumu yake mdomoni.

Lakini Ijumaa ilikuwa na mawingu. Jumamosi haikuwa na hata moja, na jua la Februari Ukambani halina adabu. Walishuka upande wa Kathiani wakipita kwenye matuta ya mahindi yaliyokauka, wakavuka barabara, wakaanza kupanda kuelekea Mua. Kabla ya saa nne Levi alikuwa amemaliza maji yake yote.

"Kiongozi, niko na kiu mbaya," alisema.

Firdaus alimpa chupa yake moja. Kulikuwa na ubaya gani? Yeye hakuwa na kazi nayo. Saa sita Kasyoki, aliyekuwa amesimulia vichekesho tangu asubuhi mpaka ulimi ukamkauka, akapewa ya pili. "Huyu ni kiongozi kweli," Kasyoki akasema akijipangusa mdomo. "Wengine hapa ni abiria tu." Wote wakacheka, na Firdaus akacheka pia, ingawa midomo ilikuwa imeanza kumpasuka.

Ndipo alipokosea njia. Ramani ilikuwa mkononi mwake na mistari yake ilikuwa imeanza kuogelea, ila hakutaka kumpa mtu mwingine aisome, maana angeulizwa ana nini. Mutanu alisema anadhani wapinde kulia. Firdaus akasema kushoto, kwa sauti ya kiongozi. Wakashuka kushoto kwenye bonde refu mpaka wakafika kwenye kijito ambacho kilikuwa mchanga mtupu, na mbele yao kukasimama mwamba ambao hata mbuzi angeufikiria kwanza. Ilibidi warudi juu kwa njia ile ile. Walipokaribia juu, Firdaus aliona miti inainama upande mmoja, akataka kuuliza kama kuna upepo, akaanguka.

Alipofumbua macho alikuwa kwenye kivuli chembamba cha mkaratusi, kichwa kwenye mapaja ya Mutanu. Mutanu alikuwa anapekua begi lake kwa mkono mmoja.

"Chupa zake ziko wapi?"

"Moja nilikunywa mimi," Levi akasema.

"Na nyingine?"

Kasyoki aliinua mkono polepole, kama yuko darasani.

"Na yeye amekunywa nini?" Mutanu akauliza. "Nawauliza, tangu asubuhi mmemwona akinywa nini? Akikula nini?"

Levi alikaa chini pale pale alipokuwa. Ilionekana anakumbuka sufuria. Mutanu akachukua chupa yake mwenyewe, iliyobaki na maji kama robo, akaisogeza kwenye mdomo wa Firdaus. Firdaus alibana meno.

"Nimefunga," akasema.

"Kufunga gani? Ramadhani si bado?"

"Nalipa."

"Unalipa nini?" Kasyoki akauliza kwa moyo safi kabisa.

Firdaus alijifunika uso kwa mtandio. Afadhali angebaki amezimia. Mutanu alimtazama, akatazama mtandio, kisha mambo yakamwingia, maana na yeye ni msichana. "Aiya! Nyinyi wawili, geukeni mwangalie kule."

"Kule kuna nini?"

"Geukeni!"

Wavulana waligeuka wakaangalia kichaka. Mutanu aliinama akanong'ona, "Sasa ufe kwa sababu ya hiyo? Kunywa, bwana."

"Nilimuapia Mama. Ndiyo maana aliniacha nije. Nikinywa nitakuwa nimemdanganya, na hatanipa ruhusa tena ya kwenda popote." Alianza kulia, kilio kikavu kisichokuwa na machozi, na hicho ndicho kilichomtisha Mutanu zaidi.

Levi aligeuka kabla hajaruhusiwa. Alitoa simu kutoka mfuko wa pembeni wa begi lake. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kuitunza, kwa sababu hakuna ambaye angekuwa na uchungu nayo zaidi. Aliutazama ule utepe mwekundu.

"Levi, usikate," Firdaus akasema. "Nipumzike kidogo tu. Nitatembea."

"Nambari ya mamako ni gani?"

"Levi, Mlima Kenya..."

"Nimekuuliza nambari."

Aliukata kwa meno. Kasyoki alifumba macho kama anayetazama mtu akidungwa sindano. Simu ililia huko mjini, ikalia, kisha sauti ya Bi Habiba ikatoka kwa kelele, na nyuma yake cherehani ya mshonaji mwenzake dukani.

"Nani mwenzangu?"

"Mama, ni mimi."

"Firdaus? Kuna nini? Mbona sauti iko hivyo?"

"Mama, nimefunga. Nimeshindwa."

"Umefunga huko juani? Unapanda mlima na umefunga? Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Wewe, Mama. Uliniuliza nitalipa lini."

"Subhanallah!" Bi Habiba alivuta pumzi. Alipozungumza tena alikuwa ameteremsha sauti, kama amekwenda kusimama nyuma ya duka. "Mwanangu, msafiri amepewa ruhusa na Mungu mwenyewe, mimi ni nani nikunyime? Sikukuuliza kukutisha. Mimi mwenyewe nina siku zangu, sijazigusa. Kila usiku natia nia, na asubuhi nikiona chai nashindwa. Nilitaka tufunge pamoja, wewe na mimi, unipe moyo. Nikaona haya kusema. Mtu mzima kama mimi. Zitakazobaki tutazilipa mbele ya safari. Maji yapo?"

"Yapo."

"Kunywa. Usikate simu. Nataka nikusikie ukinywa."

Firdaus alikunywa, simu ikiwa shavuni. Maji yalikuwa ya moto, yana ladha ya plastiki, na hakuwa amewahi kunywa maji matamu kama yale. Mama yake alisikiliza mpaka funda la mwisho, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyekuwa amebana pumzi, na akamwomba ampe simu mwenzake aliyekuwa naye. Levi alishika simu kwa mikono miwili, akajibu "Ndiyo Mama, ndiyo Mama," mpaka salio likaisha.

Walipumzika mpaka jua likalegea. Mutanu alimlisha Firdaus mkate uliosalia, Kasyoki akachukua ramani, Levi akachukua begi lake na la Firdaus, moja nyuma na moja kifuani. Walifika kambi ya Mua jua likiwa bado juu ya miti ya matunda. Walifika wote wanne, kwa miguu yao. Mwalimu Justus alikuwa amesimama njiani, na jambo la kwanza aliloangalia lilikuwa simu.

"Nani amekata?"

"Mimi, Mwalimu," Levi akasema.

"Kwa nini?"

"Tulipotea. Niliogopa."

Mwalimu alimtazama kijana yule mkubwa, mchunga ng'ombe wa Mwala, akijitia mwoga wa vichaka. "Umeogopa wewe, Levi? Unajua maana yake. Kundi haliendi Agosti. Na wewe mwaka ujao hauko."

"Najua, Mwalimu."

Firdaus alikuwa nyuma yao. Kimya kilikuwa kimeshatayarishwa kwa ajili yake, kilichobaki ni kuingia tu ndani yake na kutulia. Wasingemsema. Hata Kasyoki alikuwa anatazama viatu vyake.

"Si kweli," Firdaus akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hakuogopa. Mimi nilikuwa nimefunga, Mwalimu. Nalipa siku nilizokula Ramadhani kwa sababu ya hedhi. Niliwapa maji yangu, nikawapoteza njia, nikazimia. Sikuwaambia kwa sababu niliona haya. Levi amekata ili nisife."

Neno lile lilikuwa limetoka, mbele ya wanaume watatu, na mbingu haikuanguka. Kasyoki hakucheka. Mwalimu Justus alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena. Alisema amesikia. Alisema pia, baada ya kutafuta maneno, kwamba sheria haina mahali pa kuandika sababu, na kwamba anasikitika. Kisha akaenda kuwasha jiko mwenyewe, kazi ambayo si yake.

Levi alikuwa amekwenda kukaa juu ya jiwe upande wa pili wa mahema. Firdaus alimkuta anafuta uso kwa kiganja, na hakujificha alipomwona. Firdaus akaketi karibu naye. Alikuwa ametayarisha maneno mengi njiani na yote yakamkimbia.

"Nisamehe, Levi. Nimekukosesha mlima wako."

Levi alitikisa kichwa.

"Si mlima," akasema. "Mlima unauma, sitakudanganya. Lakini mimi nimekula chakula chako siku mbili, Firdaus. Nimekunywa maji yako nikicheka. Mbona hukuniambia? Ningebeba begi lako tangu Iveti."

Firdaus alijua ni kweli. Angelibeba, na wala asingeuliza ni kwa nini.