Lete Nikupokee

Jerioth alikuwa ameilinda ile kamera mpaka ikawa kichekesho. Wauguzi wenzake kule Manchester walimtia hofu: miji ya Ulaya ina wezi wa vidole vyepesi, usiiweke mfuko wa nyuma, usiitundike begani, vaa mkoba kifuani halafu funga koti juu yake. Basi alishuka kwenye basi la uwanja wa ndege mjini Stockholm akiwa na tumbo kama mja mzito, na mdogo wake Wanjugu, aliyekuwa akimngoja kwa machozi, akajikuta anacheka.

Lakini halikuwa jambo la kucheka. Mama yao alikuwa amezikwa Nyeri mwezi uliopita, na Wanjugu hakwenda. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado mezani kwa wakubwa, na angetoka Sweden asingerudi. Siku ya mazishi alikuwa Kista, pembeni mwa Stockholm, akisafisha ofisi za watu, analia na ufagio mkononi. Jerioth ndiye aliyesafiri, akapiga picha zote, na akakataa katakata kuzituma kwa kompyuta. “Mama si tangazo la kurushiwa watu,” alisema kwa simu. “Nitakuja tumtazame pamoja.” Hakuzihamishia popote. Zilikuwa humo tu, ndani ya kamera, chini ya koti.

“Lete nikupokee, dada.”

“Chukua sanduku na huo mfuko wa unga. Huu mkoba niachie, ndio wenye kamera.”

“Aa, dada! Mkubwa wangu atembee na mzigo, mimi mikono mitupu? Unataka watu wanione vipi?”

Watu gani, jamani? Stockholm nzima hakuna aliyekuwa akiwatazama. Lakini Wanjugu alilelewa hivyo, na mgeni aliyelelewa hivyo hivyo hawezi kubishana mara ya tatu. Jerioth akafungua koti, akavua mkoba, akampa. Wanjugu akauvaa begani kwa fahari.

Ndani ya treni ya kwenda Hallonbergen mambo yalikuwa shwari mpaka Fridhemsplan, alipoingia Tereza, Mrundi anayesali na Wanjugu kanisa moja na kukaa naye jengo moja. Tereza si mtu wa kusalimu kwa mkono mmoja. Wanjugu akauvua mkoba, akauweka kitini, akasimama wakumbatiane sawasawa, shavu huku, shavu kule. Kisha ikawa zamu ya Jerioth. “Poleni sana, wanangu. Poleni kwa mama. Mungu awatie nguvu.” Akawashika mikono wote wawili, akaanza kuomba papo hapo, Waswidi wakakodolea macho magazeti yao. Alikuwa bado anaomba milango ilipofunguka Hallonbergen.

“Ni hapa! Ni hapa!”

Tereza akampokonya Wanjugu sanduku, maana naye kwao mfiwa habebeshwi mzigo. Wanjugu akakamata mfuko wa unga, akidhani Tereza amechukua na mkoba. Jerioth akashuka mikono mitupu, kama mgeni anavyotakiwa. Milango ikafungwa.

Walitazamana pale pale, treni ikiondoka, wakajua mkoba umebaki kitini.

Walipanda iliyofuata mpaka Akalla, mwisho wa reli. Viti vilikuwa vitupu. Mtumishi mmoja aliwaambia kwa upole warudi Jumatatu kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea, lakini hata mkoba ukipatikana, Jumatatu Jerioth angekuwa kazini Manchester. Tereza aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka, wakamsindikiza mlangoni kwake.

Nyumbani Wanjugu aliinjika chai, halafu akakaa sakafuni jikoni akalia kwa sauti. Alijichukia. Angeuacha mkoba kifuani kwa mwenyewe, angekuwa sasa anamwona mama yake. Jerioth hakumlaumu. Alikaa kitini bila kuvua koti, na kutolaumiwa kule kulimchoma Wanjugu kuliko matusi.

“Basi niambie kwa mdomo,” Wanjugu alisema mwishowe. “Wewe uliona. Walimvalisha nini?”

Jerioth alikaza koti lake mwilini.

“Ile nguo ya Umoja wa Akina Mama? Au ile ya kijani aliyoipenda?”

“Sijui.”

“Hujui vipi, na ulikuwepo?”

“Wanjugu, siku ile tangu asubuhi nilikuwa na kamera usoni.” Jerioth alisema. “Jeneza lilipofunguliwa, nilikuwa nahangaika na mwanga, picha isiwe giza, uone vizuri. Waliponiita nitupe udongo niliwaambia ngojeni, napiga picha ya kumpelekea Wanjugu. Sikutupa. Nilijiambia, yote yamo humu, nitamtazama nikifika kwako. Nitalia nikifika kwako.”

Wanjugu alimtazama dada yake, huyu mkubwa aliyemwonea wivu mwezi mzima, na wivu ukamtoka wote. Alifuta uso kwa kanga ya jikoni, akasimama, akatafuta kadi ya simu. Akampigia kaka yao, Muriuki, huko Nyeri, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu.

“Kaka, habari za huko. Tunaomba utueleze mazishi ya mama. Anza mwanzo, anza na nguo.”

“Mazishi?” Muriuki alishangaa. “Si Jerioth yuko hapo nawe? Kwani yeye hakuwepo?”

Jerioth aliinama karibu na simu. Koti lilikuwa bado mwilini.

“Sikuwepo, kaka,” alisema. “Tuambie sote wawili.”