Baiskeli Mbili za Buluu

Edah alitoka zamu ya usiku hospitalini Jumapili asubuhi akaendesha gari moja kwa moja hadi uwanja wa mbio, bado amevaa sare ya kazi na viatu vyake vya mpira. Kwa miaka miwili mwanawe Ethan alikuwa akirudi nyumbani kwao ughaibuni, Langley Park, na matope hadi masikioni, na kwa miaka miwili Edah alikuwa akifua nguo zile huku akishangaa. Mbio gani hizi za baiskeli ambazo mtu anashuka kila mara, anaitia begani, anaruka mbao na kupanda kilima kwa miguu? Kwao Meru, ukimwona mtu amebeba baiskeli ujue imemharibikia.

Lakini siku hiyo ya Novemba, mwaka wa 2006, hakuwa na njia ya kukwepa. Zilikuwa mbio za kimataifa za vijana wasiozidi miaka kumi na minane, na wengine walikuwa wametoka Kanada na Ubelgiji. Kocha Peterson, ambaye ndiye humngojea Ethan na baiskeli ya akiba, alikuwa amevunjika mkono Ijumaa.

"Mum, kazi yako ni moja," Ethan alimwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikielewa vizuri ila hakupenda kukizungumza. "Nikija na baiskeli chafu, pokea hiyo, nipe safi. Kisha uioshe ile chafu."

"Kumbe ni kama kubadilisha shuka mgonjwa akiwa bado kitandani."

Ethan alimtazama, akaona afadhali asibishane, akaenda zake kujipanga.

Mahali pa kubadilishia baiskeli palikuwa ni ukanda mwembamba uliozungushiwa utepe, na waendeshaji wangepita hapo mara mbili kila raundi. Kando yake alisimama baba mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu. Aliposikia Edah akijisemea kwa Kiswahili, aligeuka akicheka. Aliitwa Macaire, mtu wa Bukavu aliyekuwa akiishi Fairfax, na mwanawe Hardy alikuwa klabu moja na Ethan.

"Mama, shika velo hapa, ku kiti na ku usukani," akamwonyesha. "Mtoto akifika, yeye ndiye anakimbia. Weye unamungoja tu, velo inaangalia mbele."

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Siye bote tulikoseaka mara ya kwanza."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake na nyasi zilikuwa zimegeuka uji. Filimbi ilipolia, vijana hamsini walitimka kwa pamoja, na kabla hawajafika kona ya kwanza watatu walikuwa chini. Ethan aliingia mara ya kwanza akiwa wa tisa. Alirusha baiskeli chafu, Edah akaidaka kwa mkono mmoja, akamsukumia safi kwa mkono mwingine, na kijana akaondoka bila hata kusimama.

"Voilà," Macaire akasema. "Donc, kumbe ulitudanganya, mama. Hii kazi uliijua."

Edah alijiona amerefuka kidogo. Wakagawana kazi: Macaire akashika bomba la maji na yeye brashi, wakaosha baiskeli zote kwa pamoja na kuziegemeza kwenye uzio. Ethan akawa wa saba, kisha wa sita. Hardy alikuwa nyuma yake hatua chache. Edah, aliyekuja akipiga miayo, sasa alikuwa akiwakaripia Wabelgiji kwa Kimeru.

Zilipobaki raundi mbili, vijana wale wawili waliingia karibu pamoja. Edah alinyakua baiskeli ya buluu, akampa mwanawe. Hapo ndipo Macaire alipogeuka kuchukua ya Hardy, akaikosa. Iliyobaki kwenye uzio ilikuwa ya Ethan: ya buluu vilevile, ya klabu ileile, ila kiti chake kilikuwa chini kwa upana wa kiganja.

Macaire alisimama mikono mitupu, na mwanawe mbele yake akitweta.

Ethan alikuwa amebakiza hatua kumi atoke kwenye ukanda. Edah angeweza kunyamaza. Badala yake alikimbia na viatu vyake vya mpira, kimoja kikabaki matopeni, akamwita kwa majina yote aliyobatizwa nayo.

"Hiyo si yako! Rudisha!"

Ethan alisimama. Kwa kitambo kifupi hakugeuka. Kisha akashuka, akarudi mbio kwa miguu, Hardy akapokea yake na kuondoka, naye Ethan akachukua yake. Watu saba walikuwa wamewapita.

Raundi hizo mbili za mwisho Edah aliziangalia akiwa na soksi moja kwenye tope. Aliwaona wale wawili wakipanda kilima bega kwa bega, wakipokezana kukata upepo, wakimpita mmoja, kisha wengine wawili. Mbelgiji akashinda, kama ilivyotarajiwa. Hardy alimaliza wa kumi, Ethan wa kumi na moja.

Sabine, mke wa Macaire, alikuwa amekuja na sombe, kisamvu cha kwao, na wali kwenye masufuria. Walikula wamesimama nyuma ya gari. Edah alitaka kuomba msamaha, lakini Ethan alimtangulia, na safari hii kwa Kiswahili cha kujikwaa.

"Mum, nilijua. Nilipokaa tu, nilijua si yangu. Nikaendelea kama sekunde tano hivi."

Edah alimtazama uso wake uliojaa tope. "Na baada ya hizo tano?"

"Nikasimama."

"Basi kula. Chakula kinapoa."

Hardy, mdomo umejaa, aliuliza kama Mama Ethan atakuja Jumamosi, kwani kuna mbio nyingine kule Virginia. Edah akasema ataangalia ratiba. Kisha akasogea pembeni, akampigia simu dada yake Nkatha, aliyekuwa akifanya kazi naye, amshikie zamu ya Jumamosi.

"Kuna harusi?" Nkatha akauliza.

"Hapana. Nina baiskeli za kuosha."