Msaragambo wa Singa

Singa mbichi, uzi wa jani la mkonge, ina maji yake, na maji hayo hayana huruma. Yakipata mkwaruzo mdogo tu, mkono utawasha hata siku tatu. Rogathe aliyazoea kwa miaka kumi na minne. Kila asubuhi alibeba singa zikichuruzika kutoka korona, mashine ya kuchuna majani ya mkonge, akazitandaza juu ya nyaya uwanjani, akazigeuza jua likiwa utosini, akazianua jioni zikiwa nyeupe. Kazi mbaya, nani atabisha? Lakini ilikuwa na kipande, kadi ya kuandikiwa siku za kazi, na kipande ndicho kilichompa chumba kambini na unga kila Jumamosi, yeye na mama yake Ernesta, ambaye macho yalikwisha kufa.

Asubuhi ile ya mwezi wa pili, mwaka sabini na nne, nyaya zilikuwa tupu. Wanawake sitini walisimama uwanjani mikono mikavu, wakitazama sanduku la bati kubwa kuliko nyumba ya meneja. Lilikuwa likivuma. Singa mbichi ziliingia upande huu, zikatokea upande ule zimekauka.

Ndugu Method, katibu wa tawi la chama pale shambani, alipanda juu ya robota la mkonge. Alikuwa mtu wa kutoka ziwani huko, mwenye sauti nzuri, na alijua kwamba ni nzuri.

"Akina mama, leo ni siku ya furaha! Mashine hii inakausha kwa saa mbili singa mnazokausha ninyi kutwa nzima. Haiogopi mvua. Haiugui. Haina mtoto mwenye homa."

Mmoja akacheka, kisha akaona kacheka peke yake.

"Zamani za mkoloni mashine ilikuwa ya bwana mkubwa," Method akaendelea. "Leo shamba ni la umma. Kwa hiyo mashine hii ni yenu."

Rogathe akanyoosha mkono. Mwanaasha, shoga yake wa miaka yote hiyo, akamvuta kanga. Hakuushusha.

"Ndugu Katibu, umesema mashine ni yetu?"

"Yenu kabisa."

"Na kesho tunarudi kazini?"

"Kesho hapana. Mashine inataka watu wanne tu. Lakini msiwe na hofu, mtapewa mashamba kijijini. Mtajitegemea."

"Basi naomba nieleweshwe. Mimi kwetu ni Suji, huko juu milimani. Mfereji wa maji tunauchimba kwa msaragambo. Ikipigwa mbiu kijiji kizima kinatoka, na hakuna wa kulipwa. Lakini maji yakija, kila aliyechimba ana zamu yake. Hata mjane. Hata kilema. Huwezi kuniambia mfereji ni wangu halafu maji yapite mbali na shamba langu. Sasa kama mashine ni yetu, na inafanya kazi yetu, zamu yetu ya unga iko wapi?"

Weee! Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Hata wale watu wanne waliochaguliwa kuendesha mashine waliinamisha nyuso zao. Method alingoja kelele zitulie, akatoa daftari mfukoni.

"Msara nini, ndugu?"

"Msaragambo."

"Neno zuri hilo. Ndiyo Ujamaa wenyewe!" Akaliandika. Akafunga daftari, akasema mkutano umekwisha.

Juma lililofuata karani alikusanya vipande. Juma lililofuata tena vyumba vikatakiwa. Kurudi Suji Rogathe hakuweza. Marehemu mumewe hakuacha mtoto, na shemeji zake walikuwa wamekwisha kuligawana shamba kabla hata ya arobaini. Akamshika mama yake mkono, akajitwika godoro, wakaenda Juhudi, kijiji kipya kilichopimwa kwenye mbuga pembeni ya mkonge. Walipewa ekari moja ya ardhi yenye chumvi. Mvua ikanyesha mara mbili, ikaondoka. Mahindi yalikauka yakiwa ya magoti.

Njaa ya mwaka ule haikuchagua mtu. Serikali ikaleta yanga, unga ule wa manjano wa mahindi ya ng'ambo, na yanga ikawa inagawiwa kwa orodha. Orodha aliishika Method.

Mwezi wa nane dizeli ikaadimika nchi nzima. Iliyobaki shambani ilitosha korona peke yake, na sanduku la bati likanyamaza. Bei ya mkonge huko nje, watu walisema, haijapata kuwa nzuri namna ile. Korona ikaendelea kutema singa, na singa zikalundikana chini, mbichi, zikaanza kunuka.

Alfajiri moja reli iliyotundikwa kama kengele iligongwa Juhudi. Mgambo akapita mlango kwa mlango: akina mama wote waliokuwa uwanjani, mbio, singa zinaoza!

Rogathe alilia kwa furaha, na hakuona haya. "Mama, tumeitwa!" Akajifunga gunia lake la kazi kiunoni. Njiani alimkuta Mwanaasha anakimbia kama msichana, wakacheka wote wawili. Mashine imeshindwa! Wametafutwa wao!

Walitandaza hadi saa sita. Mikono iliyokuwa imesahau ikakumbushwa. Ngozi ya vidole ilichubuka na maji ya mkonge yakaingia. Rogathe hakujali. Method alipokuja kukagua, alimwendea.

"Ndugu Katibu, vipande vyetu tutaandikiwa leo au kesho?"

"Vipande?" Method akashangaa kweli. "Ndugu, huu ni msaragambo. Kazi ya kujitolea. Si wewe uliyetufundisha?"

Rogathe aliweka singa chini. Akamtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Mimi nilisema msaragambo wa mfereji. Mfereji wetu, maji yetu. Singa hizi ni za nani?"

"Za umma. Kwani wewe si umma?"

"Na yule askari anayelinda mashine iliyolala, analipwa?"

"Yule ana kipande."

"Mashine imelala, ina mlinzi wa mshahara. Sisi tunafanya kazi yake, hatuna hata kikombe cha uji. Ndugu Method, hii ni haki?"

Wanawake waliacha kutandaza. Method akapunguza sauti, akawa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Ndugu Rogathe, mimi sikukurupuka. Nimewauliza wazee wa kwenu huko milimani. Wameniambia asiyefika msaragambo, wenzake humwendea nyumbani kwake wakachukua chombo hadi atoe faini. Ni kweli au si kweli?"

Angeweza kusema uongo. Lakini alilelewa kanisani, na jambo lenyewe alilijua tangu mtoto.

"Ni kweli," akasema.

"Umeona? Haya, tuendelee."

Jioni Mwanaasha alimwambia njia nzima, "Shoga, ulimi umekuponza. Nyamaza tu, tutandaze. Orodha ya unga anayo yeye."

Rogathe alitandaza siku ya pili. Siku ya tatu reli ilipogongwa hakuinuka. Alisonga ugali wa yanga iliyobaki katika sufuria yao moja, akamlisha mama yake, mwenyewe akakaa mlangoni, mikono imevimba mapajani.

Alasiri walimjia. Walikuwa sita, wa uwanjani wote, wamejifunga magunia, na mgambo nyuma yao. Mbele alikuwa Mwanaasha. Hakuinua macho.

"Tumetumwa," akasema.

"Mchukue nini? Mnaona nina nini?"

"Sufuria." Mwanaasha akaionyesha kwa kidevu. "Tusipoipeleka, tunafutwa sisi kwenye orodha. Rogathe, nina watoto watano."

Rogathe alimtazama yule mtu aliyekesha naye usiku marehemu mumewe alipokata roho. Aliingia ndani, akaanza kubandua ukoko kwa mwiko, taratibu, usipotee hata kidogo, akauweka ndani ya kibuyu.

"Nani hao, mwanangu?" Ernesta akauliza kutoka kitandani.

"Ni watu wa msaragambo, mama."

Uso wa kizee ukachangamka. "Wa msaragambo! Wakaribishe, basi. Wape maji, wamechoka hao."

"Shikamoo, bibi," Mwanaasha akaamkia toka mlangoni.

"Marahaba, wanangu. Poleni na kazi. Karibuni mkae."

Hakuna aliyekaa. Mwanaasha aliipokea sufuria kwa vidole vilivyochubuka, ikalia ilipogonga mlango. Ernesta aliisikia. Alizaliwa milimani na kuzeekea milimani, hakuhitaji macho kujua ni sauti ya nini.

"Rogathe," akasema polepole. "Wanachukua chombo? Wenzako wametoka, wewe umebaki nyumbani?"

Rogathe akapiga magoti kando ya kitanda. Alimwekea kibuyu cha ukoko mkononi.

Mama yake akakisukuma kando, akavuta kanga akajifunika uso. "Katika ukoo wetu," akasema humo ndani ya kanga, "hatujawahi kuwa na mvivu."